Kununua Nairobi haimaanishi mzigo ni wa Kenya: tuongee kuhusu cheti cha uasili

Swali tunaloulizwa sana tukienda mipakani kutoa elimu ni hili, "Si mnasema Afrika Mashariki hakuna ushuru, sasa mbona mimi nimetozwa?" Majuzi hapo Namanga kaja mama mmoja na marobota mawili ya mashuka, risiti za Nairobi anazo zote na kazipanga vizuri kabisa, nikamwomba tufungue kidogo kona ya robota tuone lebo, lebo inasema yametengenezwa China. Basi hapo hata ungekuwa na risiti hamsini hazikusaidii, maana risiti inaonyesha umenunua wapi ila forodha inataka kujua mzigo umetengenezwa wapi, ndiyo uasili wenyewe huo, na karatasi inayouthibitisha ndo cheti cha uasili.

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) ulianza 2005 na kanuni za uasili tunazotumia ni za 2015. Bidhaa inahesabika ya kwetu kwa njia mbili. Ya kwanza haina shida, imepatikana yote humuhumu, mahindi ya Kibaigwa, ng'ombe aliyezaliwa na kufugwa Monduli, kitunguu cha Mang'ola. Ya pili ndo inaumiza watu vichwa, ni pale malighafi imetoka nje ikaja kutengenezwa huku. Hapo unaanza na HS code ya bidhaa yako, yaani namba ya kimataifa inayotambulisha aina ya bidhaa, unaenda kwenye jedwali la kanuni unaangalia inataka nini, na bidhaa nyingi zinataka malighafi ya nje isizidi asilimia 70 ya bei ya kutokea kiwandani. Chukua beseni la plastiki linalotoka kiwandani kwa shilingi 10,000, kama plastiki ghafi ya nje iliyotumika ni ya 6,500 umepita, ikiwa 7,200 umekwama hata kama kiwanda kipo Ubungo na wafanyakazi wote ni Watanzania. Ila malighafi ikitoka Uganda au Rwanda na yenyewe ina uasili, haihesabiwi kuwa ya nje, na hili viwanda vidogo vingi hawalijui wanajipunja wenyewe.

Kupaki upya, kubandika lebo, kuchambua, kuchanganya tu, hivyo havitoi uasili. Angalia mchele. Ushuru wa pamoja wa EAC kwa mchele wa nje ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kinachozidi, lakini Kenya imekuwa ikiruhusiwa kuutoza asilimia 35 au dola 200 kwa tani kwa soko lake. Sasa fikiria mtu anashusha mchele wa Pakistani Mombasa, anauweka kwenye viroba vyenye picha ya shamba la Mwea halafu auvushe bila ushuru, mkulima wa Kyela na Mbarali atauza wapi? Kwa kweli mimi huwa sioni kama ukali wa ofisa hapo ni uonevu.

Cheti anakihangaikia muuzaji kule mzigo unakotoka, kinatolewa na forodha ya nchi hiyo, kwa hiyo malizaneni kabla gari halijaondoka, sio mzigo upo mpakani ndo unaanza kupigiana simu na wakala. Kama mzigo hauzidi dola 2,000 na bidhaa ipo kwenye orodha iliyokubaliwa, kuna cheti kilichorahisishwa, unakipata hapohapo mpakani na hakilipiwi, akitokea kishoka anakudai hela ya fomu achana naye. Na ukishapata usidhani ndo umemaliza kila kitu, cheti kinaondoa ushuru wa forodha tu, VAT kama bidhaa yako inatozwa utalipa, na karatasi za ubora au afya ya mimea ziko palepale. Makaratasi yako tunza miaka mitano, forodha wanaweza kurudi kuuliza hata kama mzigo ulishauzwa zamani.

Yule mama alilipa ushuru wake akaondoka kanuna. Wiki mbili baadaye kanipigia, kapata mashuka yanayoshonwa kiwandani hukohuko Kenya lakini muuzaji anamwambia habari za cheti yeye hazijui, ila atampunguzia bei. Nikamwambia mama, piga hesabu ya ushuru kwanza ndo ujue kama hapo umepunguziwa.