Leza ya nywele na hii hadithi ya "ngozi nyeusi haiwezi"

Jamani naomba niandike hili mara moja, akija mwingine nimtumie tu asome. Anakaa mbele yangu dada ana ndevu kidevuni zimemsumbua miaka, kanyoa, kang'oa, kapaka kila alichoambiwa apake, halafu nikitaja leza ya kuondoa nywele anaruka, "aa dokta, hiyo ya wazungu, sisi inatuunguza". Ukimuuliza nani kakwambia, ni shosti wake, au wa saluni, au shangazi aliyeko Uingereza ambaye klinik ya huko ilimkatalia.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba huo uongo umekalia ukweli wa zamani. Leza ya nywele inafuata rangi. Mwanga unanaswa na melanini, yaani ile rangi nyeusi, iliyoko kwenye unywele, unageuka joto, joto linaunguza mzizi na zile seli zinazootesha unywele mpya. Kanuni yenyewe waliiandika watafiti wa Marekani, Anderson na Parrish, mwaka 1983. Sasa mashine za mwanzo mwanzo, miaka ya tisini, nyingi zilikuwa za rubi, nanomita 694 (nanomita ndo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na mwanga wa urefu huo melanini inaumeza haswa, iwe melanini ya unywele iwe ya ngozi ni sawa tu kwake. Kwa mzungu mwenye nywele nyeusi haina shida, rangi iko kwenye unywele peke yake. Kwetu sisi ngozi ya juu ndo inanasa mwanga kabla haujafika kwenye mzizi, kwa hiyo unapata malengelenge, madoa meusi, wengine mabaka meupe. Aliyekatazwa kipindi hicho alikatazwa kihalali kabisa.

Ila mashine zimebadilika bwana! Kuna leza inaitwa Nd:YAG, nanomita 1064, mwanga wake melanini haiushiki sana na unazama chini zaidi, kwa hiyo unapita ngozi ya juu bila kuivuruga sana na kwenda kukutana na mzizi huko uliko. Hiyo ndo ya ngozi zetu, hata nyeusi tii. Ina gharama yake, sifichi: kwa kuwa inashikwa kidogo, inabidi nguvu iongezwe, inauma kuliko zile nyingine, na vinywele vyembamba laini haivifanyi kitu cha maana. Leza ya Alexandrite, nanomita 755, waachieni weupe. Dayodi, 800 na kidogo, ipo katikati, maji ya kunde anaweza kufanyiwa na mtu anayejua kuitega taratibu, mweusi kabisa mimi simshauri.

Kwa hiyo swali la kuuliza siyo "leza inafaa?" wala siyo "kwapa bei gani?" maana hilo ndo la kwanza kwa kila mtu. Uliza mashine yao ni nanomita ngapi. Anayekuhudumia akianza kukwambia "ni ya kisasa, imetoka Ulaya", chukua pochi yako uondoke. Akijibu vizuri, omba akujaribishie kwanza kijisehemu kidogo chini ya taya. Mimi nangoja wiki nzima kabla ya kuendelea kwa sababu doa kwenye ngozi nyeusi halitokei siku ileile, linajitokeza polepole wakati ushalipia sesheni sita.

Halafu vile vitaa vya kushika mkononi vinavyouzwa mtandaoni eti "leza ya nyumbani", vingi siyo leza. Ni IPL, taa yenye mawimbi mchanganyiko. Soma boksi lenyewe, utakuta kachati ka rangi za ngozi, na ile rangi ya mwisho kabisa imepigwa alama ya X. Mtengenezaji mwenyewe kakwambia usitumie, wewe unanijia na miguu ina mistari unasema leza imekuunguza.

Na hapa niseme la mkorogo maana hatuwezi kuukwepa. Ukinificha kwamba unapaka, mimi nitaona tu, uso una rangi moja na vifundo vya vidole vina nyingine. Sikuulizi ili nikuseme. Ngozi iliyokaa kwenye mkorogo inakuwa imechubuka, nyembamba, ukiipiga leza inajibu kwa hasira, madoa yake ni ya kukaa. Acha kwanza, tukae wiki kadhaa, ndo tuanze. Na cha ajabu ni kwamba nyingi ya hizo krimu zina steroidi, na steroidi ukiipaka usoni muda mrefu inaotesha nywele. Yaani kuna wanaolipia kuondoa ndevu asubuhi na jioni wanapaka cha kuziotesha.

Haya, mengine haraka haraka.

"Ukimaliza hazioti tena maisha." Hapana. Hata FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, inaruhusu watengenezaji waseme kupunguza nywele kwa kudumu, hairuhusu kusema kuziondoa zote. Zitakuwa chache, nyembamba, na utarudi mara mojamoja kurekebisha. Nywele hazioti zote kwa pamoja, kuna zinazokua na kuna zilizolala, leza inazipata zinazokua tu, ndo maana ni sesheni sita hadi nane, uso kila wiki nne hadi sita, mwilini unangoja zaidi kidogo. Aliyekuahidi moja tu anakuuzia maneno.

"Nimeng'oa zote ili nije msafi." Hii inanitoa machozi. Ukishang'oa kwa kibano au waksi au uzi, leza itaunguza nini? Mzizi ndo tunaoutafuta! Wiki nne bila kung'oa, unanyoa kwa wembe jana yake, basi. Na kunyoa hakunenepeshi nywele, ile ncha iliyokatwa butu ndo inakwaruza vidole unadhani zimekuwa ngumu.

"Wiki ya pili zimeanza kuota tena." Zinatoka hizo, zinasukumwa nje zikiwa zimeshakufa. Usizivute, ziache zianguke zenyewe.

Mama zangu wenye mvi kidevuni, samahani, hapa hamna kitu. Unywele mweupe hauna rangi ya kunasa mwanga. Nendeni kwa anayefanya elektrolisisi, sindano na umeme unywele mmoja mmoja, inachosha ila haijali rangi.

Saratani na utasa: ni mwanga, siyo eksirei, na unaingia milimita chache tu, ovari ziko mbali sana. Cha kuogopa ni macho. Kama hujavalishwa miwani ya kukinga usikubali hata pigo moja, na nyusi kwa chini huko hatugusi kabisa.

Ila dada mwenye ndevu na hedhi inaruka miezi, pima homoni kwanza, inaweza kuwa PCOS, ule ugonjwa wa homoni kuvurugika na ovari kuwa na vivimbe vidogovidogo, na bila kuitibu hiyo utakuwa unakata majani mzizi unamwagiliwa. Na nywele zikikujia ghafla, sauti ikaanza kuwa nzito, usije kwangu, nenda kwa daktari wa homoni wiki hiyohiyo. Wapo pia wachache, hasa usoni na shingoni, ambao leza inawaongezea vinywele pembeni ya pale palipopigwa. Haitokei sana ila ipo, na aliyekwambia haipo hajui kazi.

Wanaume wenye vipele vya ndevu shingoni, nyinyi ndo mnapata faida kubwa na hamji. Ila jueni ndevu zitapungua, anayetaka kuzifuga baadaye afikirie kabla.

La mwisho ni krimu ya ganzi. Msijipakie nyumbani miguu mizima na kuifunga nailoni ili isiume. Mwaka 2007 FDA ilitoa onyo baada ya wanawake wawili Marekani kufanya hivyohivyo kabla ya leza, dawa ikaingia kwenye damu, degedege, wakafa. Kama unaogopa maumivu niambie, tunapaka eneo dogo hapahapa nikikuona. Kwa kidevu barafu inatosha.