"Akizaa Litakwisha": Maumivu ya Nyonga Yanayoitwa Chango

Haipiti wiki hapa Lamu pasi na msichana kuletwa na mama au somo wake, amejikunja kwa maumivu ya chini ya kitovu, nami nikaambiwa kabla sijauliza lolote kwamba hilo ni chango tu, kila mwanamke analo, na akiolewa akazaa litakwisha. Dhana hii imenichosha kuliko zote.

Chango ni neno pana mno. Hutajwa kwa maumivu ya hedhi, kwa utasa, hata kwa msokoto wa tumbo, kwa hiyo haliniambii mgonjwa anaugua nini. Maumivu ya siku moja au mbili yanayotulia kwa ibuprofeni iliyomezwa mapema, baada ya chakula, hayanitii wasiwasi. Yanayomlaza kitandani kila mwezi, yanayoanza siku kadhaa kabla ya damu, yanayomchoma akienda haja kubwa au yanayomuumiza katika tendo la ndoa, hayo yanataka kuchunguzwa, kwani huenda ikawa ni endometriosisi: tishu inayofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba huota nje yake, kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke, au hata juu ya utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 10 hivi ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wanao ugonjwa huu. Mimba huweza kuyatuliza maumivu kwa kuwa hedhi imesimama, lakini haiuondoi ugonjwa, na hedhi ikirejea mara nyingi nayo hurejea. Zaidi ya hayo, ugonjwa huohuo huweza kuchelewesha mimba, na binti aliyeozwa ili apone akaishia kuitwa tasa na mawifi zake. Ningependa wanaotoa ushauri huo wamtazame usoni siku hiyo.

Wengine hunijia na picha ya ultrasaundi iliyotoka safi, wameambiwa hawana kitu. Picha huonyesha vizuri uvimbe wa ovari wenye damu nzito ya rangi ya chokoleti, lakini madoa madogo yaliyotapakaa juu ya utando wa tumbo kwa kawaida haiyaoni. Ndiyo maana namwagiza kila mgonjwa aandike daftarini, kwa miezi mitatu, tarehe za damu, siku za maumivu na mahali panapouma, na asiyekuja nalo namrudisha akaanze kuandika.

Wapo pia wanaohofia kwamba vidonge vya homoni ninavyotibia endometriosisi huharibu kizazi cha mwari. Haviharibu; huzuia ugonjwa usichochewe kila mwezi, na akiviacha uwezo wa kuzaa hurudi.

Wala si kila uvimbe wa ovari ni saratani au wa kupasuliwa. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, uvimbe wa maji matupu usiozidi sentimita 5 mara nyingi huyeyuka wenyewe baada ya hedhi mbili tatu. Lakini maumivu makali ya ghafla upande mmoja, pamoja na kutapika, huenda ni ovari iliyojisokota. Aliyeko Faza au Kizingitini, kule kisiwani Pate, asingoje boti ya asubuhi ndipo aje hospitali.