Uyoga wa jeli: kuota juu ya mti si kuula mti

Uyoga wa jeli ni uyoga wenye mwili laini uliojaa maji, unaoteleza kama mlenda. Jua likiwaka husinyaa ukabaki gamba jembamba gumu. Mvua ikinyesha huvimba tena na kuendelea kutoa spora, yaani chembe ndogo mno unazozaliana kwazo. Jina linataja umbile, si ukoo, maana Tremella, Dacrymyces na Auricularia wote huitwa hivyo ingawa nasaba zao ziko mbalimbali.

Hadi hapo hatugombani. Kinachokera ni hukumu inayotolewa kila tonge la njano linapoonekana kwenye tawi lililokufa: "Huo ndio unaoozesha mti." Mara nyingi si kweli. Tonge hilo likiwa ni Tremella mesenterica, aliyepewa jina na mwanasayansi wa Uswidi, Retzius, mwaka 1769, basi mti si chakula chake. Chakula chake ni kuvu mwingine, Peniophora, anayejitandaza juu ya gome kama utando mwembamba wa kijivu au waridi ambao watu wengi huupita bila kuuona. Peniophora ndiye anayemeng'enya ubao. Tremella anamnyonya Peniophora. Nduguye, Tremella aurantia, hufanya vivyo hivyo kwa kuvu mwingine anayekula ubao, Stereum hirsutum.

Wakulima wa Gutian, katika jimbo la Fujian nchini China, hawahitaji kuambiwa haya. Uyoga wao mweupe, Tremella fuciformis, ukipandwa peke yake kwenye maranda haufiki mbali. Kwa hiyo hupanda kuvu wawili pamoja, yeye na Annulohypoxylon archeri, mmoja avunjevunje ubao na mwingine apate cha kula.

Auricularia, ule wa kahawia wenye umbo la sikio, huo unakula ubao kweli, na hakuna anayeuonea. Dacrymyces naye anakula, na hapa ndipo watu wanapochanganya, kwa kuwa naye ana rangi ya njano au chungwa. Tazama ubao kwanza. Dacrymyces hupenda misonobari na jamaa zake, hasa mbao zilizokwisha kupoteza gome, hata nguzo za uzio. Tremella mesenterica hukaa kwenye matawi ya miti ya majani mapana, mara nyingi gome likiwa bado lipo. Ukimbandua Dacrymyces chrysospermus, shina lake pale aliposhika ubao huwa jeupe. Mwenye hadubini hamalizi dakika nyingi: seli zinazobeba spora za Dacrymyces zina matawi mawili kama herufi Y, za Tremella zimegawanywa kwa urefu, kwa kawaida katika vyumba vinne.

Kwa hiyo ukipiga picha ya lile tonge, usilikaribie mno hadi gome likatoka nje ya fremu. Piga nyingine ya pembeni yake, na upande wa chini wa tawi. Pakionekana utando ule wa waridi, andika jina lake pia, kwa sababu mwozeshaji ni yeye.