Kabla Hamjavunja Kikoba Mwaka Huu

Msimu wa kuvunja vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa kugawana fedha zao mwisho wa mwaka, ukikaribia, malalamiko huongezeka kwenye ofisi za maendeleo ya jamii, na mengi yanafanana: mweka hazina hapokei simu, hesabu hazilingani, fulani kakopa kisha kahama mtaa. Karibu kila mlalamikaji huanza kwa kusema ameibiwa. Wizi upo, hatukatai. Ila mara nyingi vitabu vikifunguliwa huonekana kikundi cha watu 20 ambacho kazi zake zote zilifanywa na wawili, wengine 18 wakileta hisa na kungoja Disemba.

Nguvu ya kikundi ni kujuana. Mama anayeuza mboga hana hati ya kiwanja ya kupeleka benki, lakini wenzake wanajua genge lake, wanajua anakoishi na wanajua hisa zake. Hiyo ndiyo dhamana yake. Kwa bahati mbaya, wanaojuana pia huoneana haya. Nani atamwambia jirani yake, "Hebu lete kitabu nikione"? Ndiyo maana kazi hugawanywa: ukaguzi uwe utaratibu wa kila kikao, asionekane mtu kuwa anamshuku mwenzake.

Sanduku la fedha za kikundi lina kufuli tatu. Mtunza sanduku hashiki ufunguo hata mmoja. Funguo hukaa kwa wanachama watatu wasioishi nyumba moja na wasio viongozi. Wahesabu fedha wawili huhesabu mbele ya wote, kiasi hutamkwa kwa sauti, katibu huandika. Kikao kinachofuata, wanachama hutaja salio la mwisho kabla ya sanduku kufunguliwa. Utaratibu huu huharibika siku mwenye ufunguo anaposafiri na kumwachia mtunza sanduku "kwa wiki hii tu". Wiki hiyo haiishi.

Na hili la simu tunalirudia kila kampeni: laini ya mweka hazina si akaunti ya kikundi. Imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akifariki, kilichomo kitahesabiwa pamoja na mali zake, nanyi mtaanza kuwaeleza warithi kwamba zile zilikuwa zenu. Fungueni akaunti kwa jina la kikundi, yenye watia saini watatu.

Sasa hesabu ya mgao, ambayo ndiyo huzua ugomvi mwingi. Tuseme hisa moja ni shilingi 2,000 na kikundi kimeuza hisa 2,400, yaani shilingi 4,800,000. Riba na faini zimeongeza 960,000. Jumla ni 5,760,000. Gawanya kwa 2,400, kila hisa inarudi na 2,400. Mwenye hisa 150 anaondoka na 360,000. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana wakati wa shida, haumo humu, una hesabu yake. Lakini kama 600,000 bado ziko mikononi mwa wakopaji, zilizopo ni 5,160,000 na hisa inashuka hadi 2,150. Yule wa hisa 150 anapata 322,500. Hakuna aliyeiba 37,500 zake. Zimo katika mikopo ambayo yeye mwenyewe aliinyooshea mkono mwezi wa kumi na moja. Kama mikopo yenu ni ya miezi mitatu, acheni kutoa mipya miezi mitatu kabla ya mgao.

Kuhusu usajili: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018 inaviweka vikundi hivi daraja la nne, na Benki Kuu imekasimu kazi ya kuvisajili kwa halmashauri. Wanachama wawe 10 hadi 50. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha wenye saini, na orodha ya wanachama, kisha muanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kuendesha kikundi bila usajili ni kosa, na wa kwanza kuulizwa ni viongozi. Ieleweke pia kwamba cheti hakilindi fedha. Wapo wanaodhani wakishasajiliwa serikali itawafidia. Haitawafidia.

Faini za ndani ziandikwe kwenye katiba pamoja na kiwango chake: kuchelewa, kutofika, kuchelewesha rejesho. Faini iliyobuniwa siku hiyo kwa sababu mwenyekiti amekasirika haina nguvu. Vilevile hakuna katiba inayowaruhusu kwenda kubeba godoro la mdaiwa. Mkifanya hivyo, kesi itageuka kuwa yenu.

Mkishindwana, itisheni mkutano wa dharura kwa akidi iliyo kwenye katiba na muandike muhtasari. Usuluhishi ukikwama, njooni ofisi ya kata na katiba, daftari la mikopo, vitabu vya wanachama na muhtasari huo. Deni lisilolipika hupelekwa Mahakama ya Mwanzo kwa vielelezo hivyo hivyo. Mkija na maneno matupu, tutawarudisha mkavilete.