Programu za chinichini: yanayosemwa na yalivyo

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba programu usiyoiona kwenye skrini bado inakula chaji, basi ifagie. Kwenye simu za leo nyingi kati ya hizo zimegandishwa: zimo kwenye kumbukumbu, lakini hazipewi zamu ya prosesa. Mwaka 2016 mteja mmoja alimwuliza Tim Cook, bosi wa Apple wakati huo, kwa barua pepe kama kuzifunga kunaokoa betri, na Craig Federighi, mkuu wa programu katika kampuni hiyo, akamjibu hapana. Kuianzisha programu upya ndiko kwenye gharama. Ifunge iliyokwama, nyingine ziache.

Hofu hii ina asili yake. Katika Windows 3.1 programu ilitakiwa kuachia zamu kwa hiari, na moja ikigoma, kompyuta nzima ilisimama. Mifumo ya sasa haiombi: saa ikifika, mfumo huinyang'anya programu zamu na kuipa nyingine, mara nyingi kwa sekunde. Ndiyo maana hata prosesa yenye kiini kimoja huonekana kufanya mambo kumi kwa pamoja.

Wanaotumia mfumo wa Linux kwa kuandika amri nao wana dhana zao, na hapa ndipo kazi za watu hupotea. Wengi huamini Ctrl+Z hupeleka programu nyuma ikaendelea na kazi. Haiendelei. Andika jobs uone: mbele ya jina lake pameandikwa Stopped, na itakaa hivyo hadi asubuhi, huku ikiwa imeshikilia kumbukumbu vilevile. Ukitaka iendelee, andika bg. Ukiihitaji mbele, fg.

Wengine humalizia amri kwa alama ya & wakadhani wameachana nayo. Programu hiyo bado ni mtoto wa dirisha ulilolitumia kuandika amri. Itaendelea kumwaga maandishi yake katikati ya unachoandika, na ikijaribu kusoma kibodi, mfumo utaisimamisha hapohapo. Ukifunga dirisha, au mtandao ukikatika ukiwa kwenye seva ya mbali, kwa kawaida hupelekewa ishara ya SIGHUP, nayo hufa. Kazi ya saa sita imekwenda! Dawa ni kuianza kwa nohup, ambayo huifanya ipuuze ishara hiyo na kuandika matokeo kwenye faili la nohup.out. Mimi napendelea tmux, programu inayoliweka dirisha la amri hai hata ukiondoka, kwa sababu unaweza kurudi kesho ukaikuta kazi palepale.

Na iliyo nyuma si lazima iwe mpole. Katika bash, programu inayopokea amri zako, & haipunguzi kipaumbele hata kidogo; ukibana video kubwa kwa njia hiyo, mashine itakuwa nzito kama kawaida. Kinachoipunguza ni nice, ambayo viwango vyake huanzia -20 hadi 19, na 19 ndiyo inayowapisha wengine wote. Iliyokwisha kuanza hupunguzwa kwa renice, bila kuizima.