Maji mekundu kwenye steki si damu

Kwenye mikahawa ya kifahari ya Nairobi inayopikia moto wa wazi, mgeni akikata steki huona maji mekundu yakichuruzika hadi kwenye viazi. Wengi husukuma sahani: "Hii bado ina damu." Nyama hurudishwa kwenye makaa, ikatoka ngumu kama soli. Huniuma kila nikiona.

Ile si damu. Damu nyingi ya ng'ombe humwagika anapochinjwa. Yanayotoka ni maji ya msuli wenyewe, yaliyotiwa rangi na mayoglobini, protini inayotunza oksijeni msulini. Kidari cha kuku kina kidogo sana, ndiyo maana ni cheupe. Joto likipita nyuzi 60 za Selsiasi wekundu hufifia. Likifika 75 hivi nyama ni ya kahawia, imejikunja na kukamua maji yake mengi.

Tumelelewa na choma iliyoiva kabisa, na ukiipenda hivyo, agiza hivyo tangu mwanzo. Kuku na nyama ya kusaga lazima ziive hadi ndani. Lakini kipande kizima cha ng'ombe kilichobabuka vizuri pande zote, tafadhali usikirudishe kwa ajili ya rangi tu.