Je, wajua kwa nini rangi huota ndevu chini ya stensili?

Foronya imetandazwa mezani, stensili (plastiki iliyotobolewa umbo la samaki) imelala juu yake, brashi imepita. Ukiinua stensili, sato anaonekana kama aliyekatwa kwa wembe. Dakika tano baadaye mapezi yameanza kunenepa. Ikifika robo saa, mstari mzima umeota ndevu na sato amegeuka doa.

Wengi hapo huilaumu stensili: haikubana vizuri, plastiki yake nyembamba, mkono ulitetemeka. Mara chache ni kweli. Mara nyingi kosa ni maji yaliyomo ndani ya rangi yenyewe, na maji hayo ndiyo yanayotafutiwa dawa katika kila hatua ya kazi hii.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo Kiswahili kinaviita kwa jina moja. Kuna rangi ya kupaka, ambayo ni chembe za rangi zilizochanganywa na gundi. Inakaa juu ya uzi na kukauka hapo, na kwa hiyo haitambai sana, ila mto wa kochi unakuwa na magamba na ukikunjwa kila siku hupasuka pasuka. Halafu kuna rangi ya kuchovya, ambayo huyeyuka kabisa katika maji na kuingia ndani ya uzi. Kitambaa hubaki laini, na mkono ukipita juu yake hauhisi kitu. Makala hii inahusu hii ya pili. Ni ngumu zaidi kuitumia kwa stensili, na matokeo yake yanastahili taabu.

Sababu ya ndevu ni ile ile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Uzi wa pamba ni kifungu cha nyuzi ndogo zenye vijia vyembamba kati yake, na kioevu chochote chepesi huvutwa na vijia hivyo bila kusukumwa na mtu. Hakijali kwamba juu yake kuna plastiki. Unaweza kuibana stensili kwa mawe ya Bismarck yenyewe, yale makubwa ya ziwani Mwanza, rangi nyepesi itapita chini tu, kwa sababu njia yake iko ndani ya kitambaa, wala si kati ya kitambaa na stensili.

Dawa ni kuyafanya maji yawe mazito kiasi kwamba yashindwe kutembea kwenye vijia hivyo, lakini yaendelee kuwa maji. Hapo ndipo wanaoanza hukosea: hufikiri suluhisho ni kupunguza maji hadi rangi iwe kavu. Rangi ya aina hii bila maji haishiki.

Rangi inayofaa zaidi kwa pamba inaitwa riaktivu. Ilianza kuuzwa mwaka 1956 na kampuni ya ICI ya Uingereza, baada ya wanakemia Ian Rattee na William Stephen kugundua namna ya kuifunga moja kwa moja kwenye selulosi, dutu inayojenga nyuzi za mimea. Pamba yetu ya Kanda ya Ziwa, ile ambayo mbegu zake hubeba herufi UK kwa heshima ya kituo cha utafiti cha Ukiriguru kule Misungwi, ni selulosi kwa takriban asilimia 90. Ichukulie molekuli ya rangi kama mtu mwenye mkono wa kushikia. Ikipata soda eshi (kabonati ya sodiamu) na unyevu, mkono huo huishika selulosi na hauachii tena. Lakini maji nayo yanaweza kuushika mkono huo, na yakishaushika, rangi hiyo haina kazi tena. Itaonekana nzuri kwenye kitambaa hadi siku ya kwanza ya kufua.

Kabla ya kununua, muulize muuzaji swali moja: rangi hii inataka kostiki na haidro? Akijibu ndiyo, hiyo ni rangi ya vati, inayotumiwa na mafundi wengi wa batiki. Ni nzuri kwa kuchovya, lakini maelezo yafuatayo hayaihusu.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Ng'oa nyuzi chache ukingoni uziwashe: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, ilhali tetroni, yaani pamba iliyochanganywa na poliesta, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Tetroni itapokea rangi kwenye ile sehemu ya pamba tu, na ua jekundu litatoka la waridi iliyopauka. Marekani ni kitambaa kizuri na cha bei nafuu kwa mito na mapazia, ila huja na wanga wa kiwandani pamoja na nta ya pamba yenyewe. Kichemshe kwa saa moja katika maji yenye sabuni ya unga na kijiko kimoja cha chakula cha soda eshi kwa kila lita tatu hivi, kisha kisuuze sana. Kipimo ni tone la maji: likikaa juu kama shanga, rudia kuchemsha, likizama mara moja, kitambaa kiko tayari. Usikwepe hatua hii. Mabaka meupe katikati ya pambo, yanayowashangaza watu, karibu kila mara ni nta iliyobaki.

Baada ya hapo loweka kitambaa kwa dakika 15 katika maji yenye gramu 70 za soda eshi kwa lita moja. Vaa glovu. Kikamue, kianike kivulini hadi kikauke, na usikipige pasi kikiwa na soda kwa sababu kitaungua na kuwa cha njano. Wapo wanaotumia magadi ya dukani badala ya soda eshi. Magadi ni mchanganyiko wa asili wa kabonati na baikabonati ya sodiamu, na huwa na chumvi na udongo ambao kiasi chake hubadilika kutoka mfuko hadi mfuko. Yanalainisha maharage vizuri. Kwa kazi hii hayaaminiki.

Kwa nini soda itiwe kwenye kitambaa na isiwe kwenye rangi? Kwa sababu rangi ikishachanganywa na soda saa yake imeanza kuhesabu: baada ya saa nne hivi maji yameshika mikono mingi na nguvu imepungua. Bila soda, rangi nzito hiyo hiyo inaweza kukaa siku kadhaa mahali penye baridi.

Sasa uji wenyewe, yaani yale maji mazito ya kubebea rangi. Kwa maji robo lita, weka gramu 35 za urea, ambazo ni kama vijiko vitatu vya chakula. Ni urea ile ile ya dukani kwa pembejeo, ila uichuje baada ya kuyeyuka kwa sababu huwa na vumbi. Kazi yake ni kuvuta unyevu na kuuzuia usitoroke kitambaani mapema. Kisha nyunyizia gramu 6 au 7 za alginati ya sodiamu, unga wa kuyafanya maji yawe mazito, vijiko viwili vya chai hivi, huku ukikoroga bila kusimama. Ukiimwaga yote kwa mpigo utapata madonge ambayo hayatayeyuka leo wala kesho. Iache ilale usiku kucha. Asubuhi itakuwa laini na nzito kama mtindi.

Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii nyingine na hutoa karajinani, kwa hiyo usikubali kuuziwa huo kwa jina la alginati. Na tafadhali usiweke uji wa muhogo au wa mahindi badala yake. Wanga una mikono ya kukaribisha rangi sawasawa na pamba, kwa sababu vyote viwili ni ndugu. Rangi itajifunga kwenye wanga. Nusu itaondoka na maji ya kufua na nusu itabaki ikiwa imekakamaa kama karatasi. Alginati inaachia rangi ipite.

Hapa watu wa ziwani wana bahati moja. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, na alginati inayapenda. Maji ya kisima yenye chokaa huigandisha ikawa vipande kama utumbo, kwa sababu kalsiamu huzifunga nyuzi zake pamoja. Ukiwa mbali na bomba la maji ya ziwa, tumia maji ya mvua.

Mwishoni tia rangi: gramu 2 hadi 3 kwa robo lita kwa rangi iliyopauka, 7 au 8 kwa rangi ya wastani, 15 kwa nyeusi. Funga pua na mdomo wakati wa kupima, na funga dirisha pia. Upepo wa mchana kutoka ziwani hauna adabu, na unga wa riaktivu ukivutwa mara kwa mara humfanya mtu apate mzio wa kifua usiokwisha. Kijiko na bakuli vilivyotumika visirudi jikoni.

Jaribu kwenye kipande cha kitambaa hicho hicho. Weka tone, subiri dakika tano. Ukingo ukisogea zaidi ya milimita moja, ongeza alginati. Ukiona kijani kimezungukwa na duara la buluu, maana yake ni ile ile: kijani hicho ni mchanganyiko, na kila rangi ndani yake imetambaa kwa mwendo wake.

Kuhusu stensili nitasema machache tu, maana tatizo halikuwa kwake. Filamu kuukuu za eksirei zilizosafishwa hukatika vizuri na hudumu, na majalada ya plastiki ya mafaili yanatosha kwa kazi ndogo. Madaraja yanayoshikilia vipande, kwa mfano jicho la samaki au katikati ya herufi O, yasiwe membamba kuliko milimita 3. Meza iwe na blanketi chini, plastiki juu yake, na kitambaa kibanwe kisicheze. Brashi isimame wima na idunde. Ukiifagia, nywele zake zitaingia chini ya ukingo na kubeba rangi. Kabla ya kudunda, ipunguze rangi kwenye gazeti hadi ionekane karibu kavu. Anza ukingoni uelekee katikati. Kila baada ya kupiga mara tatu au nne, geuza stensili uifute upande wa chini.

Kisha inakuja hatua ambayo imeharibu mito mingi kuliko zote: watu huanika. Kitambaa kikipigwa na jua la Mwanza na upepo wa Julai hukauka ndani ya dakika chache, na rangi isiyo na unyevu haiwezi kuishika pamba. Fanya kinyume. Subiri hadi rangi isishike tena kidole, halafu funika kitambaa kwa nailoni wakati bado kina ubichi kidogo, kiviringishe pamoja na nailoni hiyo bila kukikunja, na kiache kwa saa 24 mahali penye joto la nyuzi 21 au zaidi. Usiku wa kiangazi joto huweza kushuka chini ya hapo, kwa hiyo kiweke ndani, karibu na jikoni. Molekuli ya rangi ya feruzi ni kubwa kuliko za nyingine na huchelewa kushika. Ipe saa 36.

Mwenye haraka anaweza kufukiza. Kiviringishe kitambaa kilichokauka ndani ya shuka kuukuu, kifunge, kisha kikae juu ya mvuke kwa dakika 30 bila kugusa maji. Weka taulo chini ya mfuniko, kwa sababu tone moja la mvuke uliogeuka maji likidondoka, hapo pana doa la kudumu. Mwanza iko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100, hivyo ongeza dakika tano juu ya muda ulioandikwa kwenye maelekezo ya watu wa pwani.

Kufua kuna mpangilio wake. Kwanza maji baridi, mengi, kitambaa kikiwa kimetandazwa, hadi utelezi wa alginati uishe. Ukianza na maji ya moto wakati soda bado imo, rangi iliyolegea itaishika sehemu nyeupe na hutaiondoa tena. Utelezi ukiisha, sasa maji ya moto sana na sabuni, mara mbili au tatu, ili itoke ile rangi ambayo mkono wake ulishashikwa na maji. Usishtuke kuona maji mekundu. Hata kazi iliyofanywa vizuri huachia sehemu ya rangi. Uji uliobaki kwenye vyombo ukwanguliwe kwa gazeti na kutupwa na taka kavu kabla ya kuosha. Urea ni mbolea, na mfereji unaoingia Mto Mirongo, ule unaopita mjini Mwanza, unaishia ziwani, ambako gugu maji halihitaji kuongezewa chakula.

Ukitaka kujua kama umemaliza, lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya pambo, na kikandamize kwa pasi ya moto kwa sekunde kumi. Kikitoka na alama ya rangi, rudia maji ya moto. Kikitoka cheupe, foronya inaweza kuwekwa juu ya kochi jeupe.